Maisha ya Albert Lamorisse: dadu, upepo na akili ya mutu

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya Mufaransa mumoja mwenye kazi yake iliingia mu nyumba nyingi za dunia, hata zile zenye jina lake halijulikane. Anaitwa Albert Lamorisse. Wazee wenye waliona sinema ya zamani wanaweza kumukumbuka kwa filme ya mutoto na baloni nyekundu, ile baloni ya hewa yenye watoto wanafunga na kamba ku fete. Vijana wenye kucheza Risk, muchezo wa vita wa kwenye ubao, wanacheza kitu chenye yeye aliwaza. Ni mutu yule yule. Filme ya amani kabisa na muchezo wa kukamata dunia nzima vilitoka mu kichwa kimoja.

Tumechagua maisha yake juu ya ulizo lenye halishe mu makartiye yetu ya wafanyakazi wa mugodi. Jioni, wakati wa karata, utasikia watu wamoja wanasema kila kitu ni bahati: mwenye kupata anapata, mwenye kukosa anakosa. Wengine wanasema bahati ni maneno ya wavivu, na mutu wa akili hashindwe. Lamorisse hakuandika kitabu juu ya ulizo hilo. Alilijibu kwa kazi yake, na mwisho kwa maisha yake.

Kutoka picha mpaka sinema

Albert Lamorisse alizaliwa Paris tarehe 13 mwezi wa kwanza 1922. Alianza na kazi ya picha, kisha akaingia mu sinema. Mu 1947 alitoa filme fupi juu ya Djerba, kisiwa cha Tunisia. Mu 1950 akatoa Bim, hadisi ya punda mudogo, yenye maneno yake yaliandikwa na Jacques Prévert, mutunga mashairi mwenye kujulikana sana Ufaransa.

Mu 1953 alitoa Crin-Blanc. Aliipiga mu Camargue, kule kusini mwa Ufaransa kwenye muto Rhône unaingia mu bahari, inchi ya matope, majani marefu na farasi. Ni hadisi ya mutoto muvuvi, Folco, na farasi mweupe mwenye hakubali kushikwa na mutu. Filme hiyo ilipata zawadi kubwa ya filme fupi ku Cannes.

Kisha, mu 1956, ikatoka Le Ballon rouge. Ni filme ya dakika karibu 35, karibu bila maneno. Mutoto mumoja wa Paris anakuta baloni nyekundu imefungwa. Anaifungua, na kutoka siku ile baloni inamufuata sawa imbwa anavyofuata bwana wake: ku masomo, mu njia, mpaka mbele ya dirisha ya nyumba yao. Mutoto huyo ni Pascal, mutoto wa Lamorisse mwenyewe. Binti yake Sabine naye anaonekana, na baloni ya bluu mu mukono. Mwishoni watoto wabaya wanaiharibu baloni nyekundu. Hapo baloni zote za muji zinakuja kwa yule mutoto na kumubeba juu, mbali na huzuni yake.

Tufikirie kidogo kazi ya filme kama hiyo. Baloni haisikie amri ya mutu. Upepo ukigeuka, kazi ya asubuhi nzima imekufa. Mwenye kuingoja baloni ifanye yenyewe mambo mazuri, atangoja mpaka uzee. Mwenye kutaka kuilazimisha kabisa, itapasuka ao itaonekana sawa kitu cha bandia. Ilihitaji mutu mwenye kupanga kila kipande mbele, kisha kujua kukubali kile chenye upepo umeleta. Ku Cannes filme hiyo ilipata Palme d'Or ya filme fupi. Mu 1957 Wamarekani wakaipa Oscar ya hadisi bora iliyoandikwa kwa ajili ya sinema. Filme fupi yenye watu wake karibu hawasemi ilishinda filme ndefu zenye maneno tele.

Muchezo wa 1957

Katika mwaka ule ule wa 1957, Ufaransa, kampani Miro ilitoa muchezo mupya: La Conquête du monde, ndiyo kusema kukamata dunia. Mwenye kuuwaza alikuwa Lamorisse. Mu 1959 kampani ya Kimarekani Parker Brothers ikautoa kwa jina la Risk, na kwa jina hilo ukazunguka dunia. Sheria zimegeuzwa hapa na pale kwa miaka, lakini mufupa wake ungali ule ule.

Kwa wenye hawajauona bado: kuna ubao wenye karte ya dunia, imekatwa mu inchi 42. Kila muchezaji ana askari wadogo wa rangi yake na anawapanga mu inchi zake. Zamu yake ikifika, anapata askari wapya kwa hesabu ya inchi zenye anashika. Kisha, akitaka, anashambulia inchi ya jirani. Hapo ndipo dadu zinaingia, vile vijiwe vya pande sita vyenye alama kutoka moja mpaka sita. Mwenye kushambulia anatupa mpaka dadu tatu, mwenye kujikinga anatupa mpaka mbili. Wanalinganisha dadu kubwa na dadu kubwa, ya pili na ya pili. Mwenye kupata ndogo anapoteza askari. Zikiwa sawa, mwenye kujikinga ndiye anashinda.

Wachezaji wa michezo isiyo na dadu walizarau muchezo huu. Mu dame hakuna dadu. Mu kisolo ya wazee wetu hakuna dadu pia: mbegu ziko wazi mu mashimo, mwenye kuhesabu vizuri anashinda, na mwenye kushindwa hana mutu wa kusingizia. Wanauliza: vita gani hiyo, yenye jemadari wa akili anaweza kupigwa na mutoto wa miaka nane juu ya kijiwe kimegeuka vibaya?

Ulizo hilo ni la haki. Lakini jibu liko mu hesabu, na hesabu ya dadu si ngumu kwa mutu mwenye kusoma bulletin yake ya mushahara kila mwezi.

Hesabu yenyewe

Tuanze na dadu moja kwa moja. Wewe unatupa moja, mwenzako anatupa moja. Kuna namna 36 zenye dadu hizo mbili zinaweza kuanguka. Katika namna 6 zinatoka sawa. Zinabakia 30: mu 15 yako ni kubwa, mu 15 yake ni kubwa. Lakini zile 6 za sawa kwa sawa ni za mwenye kujikinga. Basi mwenye kushambulia ana 15, mwenye kujikinga ana 21. Mwenye kushambulia na dadu moja amepungukiwa mbele hata ya kutupa.

Sasa umekusanya askari wengi, umeshambulia na dadu tatu, na mwenzako ana askari mumoja tu, anatupa moja. Mambo yanageuka: mara 100, wewe utashinda karibu mara 66. Dadu ni zile zile. Mikono ni ile ile. Kilichogeuka ni kitu chenye ulifanya mbele, wakati ulikusanya askari na kuchagua pahali pa kupiga.

Tuchukue tena dadu tatu juu ya mbili. Hapo kuna namna 7776. Katika 2890, mwenye kujikinga anapoteza askari wawili. Katika 2275, mwenye kushambulia ndiye anapoteza wawili. Katika 2611, kila mumoja anapoteza mumoja. Tofauti ni ndogo, na mu vita moja fupi hutaiona. Lakini ukitupa mara nyingi, siku nzima, tofauti hiyo ndogo inaanza kulipa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hii ndiyo akili ya muchezo wa Lamorisse. Bahati ina kiti chake mezani, hakuna mwenye kuifukuza, lakini haikukaa kiti cha mukubwa. Dadu ikisha kutoka mu mukono, hakuna jemadari tena: wote ni sawa. Akili inafanya kazi yake yote mbele, mu wakati wa kuchagua: kupiga ao kungoja, kupiga na wangapi, kupiga wapi, na kusimama saa gani.

Neno hili la kusimama ni kubwa kuliko mengine. Kijana mwenye damu ya moto ameshinda vita moja, anataka ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Kila moja anaiona nyepesi, kwa sababu mbele yake kuna askari mumoja mumoja tu. Ni kweli, kila moja ana mara 66 juu ya 100. Lakini kutupa mara tano na kushinda mara zote tano bila kuangusha hata moja, kunapatikana karibu mara moja tu juu ya nane. Mutu anaanguka njiani, askari wake wametawanyika, inchi za nyuma zimebaki na mulinzi mumoja, halafu anasema dadu zimemuroga. Dadu hazikumuroga. Alizitupa mara nyingi kuliko hesabu yake.

Congo kwenye ubao

Kuna jambo lingine lenye linatuhusu sisi wenyewe. Kwenye ubao wa Risk, Afrika imekatwa mu inchi sita: Afrika Kaskazini, Misri, Afrika Mashariki, Afrika Kusini, Madagascar na Congo. Wakati muchezo ulitoka, Congo ya kweli ilikuwa ingali mu mikono ya Wabelgiji. Juu ya ubao haina shaba, haina kobalti, haina hata kilo moja ya madini. Thamani yake ni pahali penye iko.

Angalieni karte: Congo inagusana na Afrika Kaskazini, Afrika Mashariki na Afrika Kusini, basi. Hakuna adui wa bara lingine mwenye anaweza kuirukia moja kwa moja. Lazima apite kwanza kwa jirani. Kwa hiyo mwenye kushika Afrika nzima hatii askari wengi Congo. Anawatia ku milango: Afrika Kaskazini, Misri na Afrika Mashariki. Akiilinda mpaka zamu yake ifike tena, anapewa askari watatu zaidi.

Australia ina inchi ine na mulango mumoja tu, inaleta askari wawili. Asia inaleta saba, na wenye tamaa wote wanaikimbilia. Lakini ina inchi 12 na milango mingi, na mara nyingi inavunjika mbele ya kulipa. Muchezaji mwenye kujua anaanza na kidogo chenye anaweza kulinda. Kuhesabu milango kunapunguza mara zenye utatupiwa dadu. Hii si bahati. Ni mipango ya mutu mwenye anajua bahati iko, na hataki kukutana nayo kila wakati.

Mutu wa anga

Lamorisse hakubaki mu michezo ya ubao. Moyo wake ulikuwa juu, mu hewa. Alitaka kupiga filme kutoka helikopta, lakini helikopta inatetemeka, na picha inatetemeka pamoja nayo. Wengine wangesema ndivyo chombo kilivyo. Yeye alitafuta dawa: akatengeneza namna ya kufunga kamera ili kutetemeka kwa chombo kusifike mu picha. Aliiita Hélivision. Mu 1960 akatoa Le Voyage en ballon, hadisi ya babu na mujukuu wenye kusafiri juu ya Ufaransa mu baloni kubwa, na mujukuu huyo ni Pascal tena. Kutoka juu, watu waliona mashamba, miji na milima ya inchi yao sawa vile hawajaviona bado, na picha imetulia.

Tunaona ni roho ile ile ya muchezo. Upepo uko, kutetemeka kuko; havikatazwi. Lakini mutu anaweza kufanya kazi mbele, chini, mu atelie, ili vikija vikute pahali padogo pa kuharibu.

Kisha akaenda Iran kupiga filme juu ya inchi ile. Aliipiga kutoka angani, na hadisi yenyewe inasemwa na upepo: pepo za Iran ndizo zinatembeza musikilizaji juu ya jangwa, milima na miji ya kale. Filme hiyo inaitwa Le Vent des amoureux, upepo wa wapenzi.

Tarehe 2 mwezi wa sita 1970, karibu na bwawa la Karaj, si mbali na Teheran, helikopta ilianguka wakati wa kazi. Albert Lamorisse alikufa. Alikuwa na miaka 48.

Kitu chenye dadu hazikuchukua

Hatutasema alikosa akili. Mutu mwenye alifikiria helikopta na kamera miaka mingi alijua kazi yake. Wala hatutasema ilikuwa imeandikwa tu, kisha tukunje mikono. Kazi ya anga ina hatari yake, na kila kupanda ni kutupa dadu mara moja zaidi, hata kwa fundi.

Hapa ndipo muchezo na maisha vinaachana, na sisi watu wa mugodi tuangalie vizuri. Kwenye ubao, kutupa mara nyingi kunamusaidia mwenye hesabu nzuri, kwa sababu akipoteza askari leo, kesho atapata wengine. Chini ya ardhi askari ni mumoja. Tuseme kuna jiwe la juu lenye halikufungwa vizuri, na kupita chini yake kuna hatari moja tu juu ya 100. Mutu anapita, hakuna kitu. Kesho anapita tena, hakuna kitu. Anaanza kuamini kama jiwe linamujua. Lakini akipita hivyo mara 100, hesabu inaonyesha kama katika watu 100 wenye kufanya vile, karibu 63 watapigwa, na 37 tu watatoka wazima. Wale 37 ndio watakaa mu baa na kusema ni bahati yao ao ni dawa ya babu. Wale 63 hawatakuwako ili wasimulie yao.

Kwa hiyo mwenye kusimamisha ekipe ili nguzo itiwe kwanza, hata kama tani za siku zinapungua, si mwoga. Ni muchezaji mwenye anahesabu milango. Mwenye kusema jana tulipita, anahesabu dadu zilizokwisha kuanguka, na dadu ya jana haina nguvu juu ya dadu ya leo. Kofia, taa, kupima hewa, kungoja moshi wa baruti utoke: hivyo vyote ni kazi ya mbele ya kutupa. Haviondoe bahati. Vinapunguza kile chenye bahati inaweza kuchukua.

Na kuna neno la mwisho mu maisha ya Lamorisse, lenye linafaa hata kwa wamama wenye kusoma gazeti hili. Helikopta ilipoanguka, filme ya Iran haikuwa imekwisha. Lakini alikuwa ameandika. Alikuwa ameacha maandishi ya namna gani picha zipangwe. Muke wake na mutoto wake Pascal, yule mutoto wa baloni, walichukua maandishi hayo na picha zilizopatikana, wakaimaliza kazi. Ilitoka mu 1978, miaka nane nyuma ya kifo chake, na ikawa kati ya filme zilizochaguliwa kushindania Oscar ya filme za mambo ya kweli.

Mu nyumba zetu, ni wangapi wenye wameandika deni lenye wanadaiwa, parcelle yenye walilipa, pahali penye karatasi za kazi ziko, majina ya watoto wao wote? Wengi wanaona kuandika hivyo ni kuita kifo. Hapana. Kifo hakiitwe na karatasi. Baba mwenye kuacha mambo yake wazi anafanya sawa muchezaji mwenye kuacha askari nyuma, mu inchi ya nyumbani, mbele ya kwenda kushambulia. Dadu zikianguka vibaya kule mbele, nyumba haishikwe siku ile ile.

Leo, pahali pengi, watoto wanatupa dadu juu ya karte ya Lamorisse bila kujua jina lake. Ukiwaona wanagombana juu ya dadu, kaa nao kidogo. Usiwaulize nani ana bahati. Waulize nani alihesabu mbele ya kutupa.